Nyota Moja ya Bi Chausiku

Mwajuma aliponipigia simu kuniambia mama yake, Bi Chausiku, amefariki, alilia kidogo, kisha akasema, "Na jogoo usisahau. Mwekundu." Nilikuwa kwenye foleni ya benki huku Dodoma ninakoishi siku hizi, nikacheka kwa sauti na machozi yananitoka, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama. Nikamwambia nimefiwa na mtani wangu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa yote, akanishika bega, akanifungulia mlango. Jogoo nilimpata sokoni jioni ile ile, na kulipopambazuka tukashika njia ya Morogoro, mimi kwenye usukani, yeye kwenye kapu kiti cha nyuma, akiwika kila tulipopanda tuta. Njia nzima niliwaza mwaka mmoja tu. Nimevuka arobaini sasa, na miaka mingine imenipa kazi, nyumba na mambo mengine ambayo watu hupongezana nayo, lakini mwaka ule wa Kilakala, pale Morogoro mjini, ndio ulionipa adabu, na aliyenipa ni mwanamke muuza ndizi ambaye hakuwahi kushika kompyuta maishani mwake. Nataka niuandike kabla sijaanza kuupamba.

Tulikuwa wawili, mimi na Zuhura, ambaye nilisoma naye chuo. Yeye ndiye aliyejua kuandika programu, mimi nilikuwa mtu wa maneno na sauti. Tulipanga chumba nyuma ya nyumba ya Bi Chausiku, chumba cha ofisi si cha kulala, chenye mlango wa buluu na meza ambayo zamani nayo ilikuwa mlango. Dirisha lilitazama mlima. Saa nne asubuhi wingu lilikuwa likishuka hadi kwenye migomba ya jirani, nasi tukawasha taa mchana kweupe. Ukuta uliotutenga na jiko la Bi Chausiku haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo kila lililosemwa kule tulilisikia huku, na kila lililopikwa kule tulilinusa. Chai yake ilikuwa na mdalasini aliouleta mwenyewe kutoka shambani kwao Kinole, kipande kizima kikielea kikombeni, na vitumbua vyake vilikuwa na ukingo mwembamba uliokauka ambao mimi na Zuhura tuligombea. Mchana alitupa wali wa Dakawa na maharage, na siku ambazo biashara ya ndizi imekuwa mbaya tulikula ndizi zenyewe, zimepikwa na nazi, akituambia tule haraka kabla hasara haijapoa.

Siku ya kwanza nilimwamkia. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe wa wapi?"

Nikamwambia mimi Kashindye, watu wetu ni Wanyamwezi wa Tabora. Akaweka mwiko chini taratibu, akamgeukia Zuhura, ambaye ni Mluguru mwenzake. "Zuhura, umeniletea mtani ndani ya nyumba bila kunionya. Sasa vijiko vyangu nitavihesabu saa ngapi?"

Hapo ndipo utani ulipoanza, na haukukoma. Waliokulia kwenye utani hawahitaji kuelezwa, lakini nimekutana na vijana wa siku hizi wanaodhani ni mzaha tu. Si mzaha tu. Mtani anaweza kukuchukulia kofia yako mbele za watu na usimkasirikie, ukaikomboa kwa kitu kidogo. Anaweza kukutukana wewe na babu zako, nawe ukamjibu, na kesho ukifiwa ndiye anayekuja wa kwanza kushika jembe. Sheria yake kubwa ni moja: hukasiriki. Mimi nililijua hilo kwa kulisikia, maana nilikulia mjini, na kwetu utani ulikuwa jambo la wazee kwenye harusi. Bi Chausiku alilijua kwa kuliishi. Kila asubuhi shikamoo yangu ilijibiwa "Marahaba, mpagazi," au "Marahaba, mla michembe," vile viazi vikavu vya kwetu, nami nikamuuliza kama ule mguu wake mfupi, ambao Waluguru wote wanao kwa sababu ya kutembea ubavuni mwa mlima, umeamkaje. Alicheka kwa kikohozi. Akaniongezea kitumbua.

Gemu yetu ya kwanza ilitoka hapo hapo uani. Asubuhi moja aliniambia nimbebee mzega wa ndizi kutoka barabarani, ule mti wa begani wenye tenga mbele na tenga nyuma, nikafika katikati ya ua, nikateleza kwenye maji ya kuoshea vyombo, nikaenda chini na ndizi zote. Bi Chausiku hakusogea kwenye kigoda chake. "Mnyamwezi," alisema, akiyavuta maneno kwa lafudhi yao ya mlimani, "babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani hawakudondosha hata moja. Wewe mkungu mmoja umekushinda. Inuka, ardhi haijakuita bado." Zuhura alikuwa mlangoni na simu mkononi, anarekodi. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka na kunitazama, nami nikamtazama, tukajua tumeshapata gemu.

Tuliiita Mzega. Mchezaji ni mpagazi Mnyamwezi anayeteremsha ndizi kutoka mlimani mpaka sokoni, njia ina matope, mawe, mbuzi na wanawake wenye haraka kuliko yeye, na kila akianguka sauti ya Bi Chausiku inamsema. Tulimwekea maikrofoni mbele ya jiko, naye akatukana siku tatu mfululizo bila kurudia tusi, huku anakaanga. Gemu yenyewe haikuwa na kitu kikubwa. Lakini watu waliipenda kuliko tulivyotarajia, na Zuhura aliyekuwa akiangalia takwimu aligundua kuwa wengi walikuwa wanaanguka makusudi. Walitaka kusemwa. Waliandika kwenye duka la programu kwamba bibi zao wamefariki na sauti hii inawarudisha nyumbani, kwamba wako Muscat au Mwanza na wanaanguka kila siku mara kumi kabla ya kazi. Nyota zilikuwa tano, tano, tano. Sokoni Bi Chausiku akawa mtu mashuhuri. Wateja walimwomba awaseme kabla ya kununua, naye akawasema, na bei akapandisha.

Sasa nafika ninapopaona aibu. Tulipoanza kutengeneza toleo la pili, ilijitokeza kampuni iliyokuwa ikiuza simu za bei nafuu, ikataka gemu yetu iwemo ndani ya kila simu tangu dukani. Kwa vijana wawili kwenye chumba chenye meza ya mlango, ile ilikuwa ndoto. Wakaja wawili, wakakaa kwenye viti vyetu vya plastiki, wakala vitumbua vya Bi Chausiku, wakavisifu, kisha mmoja akasema gemu nzuri ila lugha. Simu zitanunuliwa na wazazi. Kuna watu watasikia mtu anatukanwa kwa kabila lake. Haiwezekani kupata sauti yenye staha? Zuhura alinitazama. Walipoondoka akasema, "Sauti ni ya Bi Chausiku, kazi ya maneno ni yako. Mimi sina neno, ila nenda ukamwambie mwenyewe. Akikubali tunabadilisha, akikataa tunawaambia hawa watafute gemu nyingine."

Nilisema nitakwenda. Ni hatua kumi na mbili kutoka mlango wetu hadi kigoda chake. Sikwenda siku ile, wala kesho yake. Kila asubuhi nilimwamkia, nikaitwa mpagazi, nikala kitumbua, nikarudi ofisini. Wiki ilipokwisha Zuhura akaniuliza, nami nikamwambia Bibi amekubali. Sikuwahi kumdanganya Zuhura kabla ya hapo, na nakumbuka jinsi ilivyokuwa rahisi. Tukamlipa dada mmoja mwenye sauti nzuri ya redioni, na toleo la pili likatoka likisema, kila mchezaji anapoanguka, "Pole sana, mpendwa mchezaji. Tafadhali jaribu tena."

Siku ya kwanza watu walipakua kwa fujo. Siku ya pili asubuhi zikaanza nyota moja moja. Nilizisoma nikiwa nimesimama. Ya kwanza kabisa iliandikwa na mtu aliyejiita Ndizi Tamu: "Nyota zako ninazo mimi, mla michembe. Ukizitaka njoo na jogoo, tena mwekundu." Ya pili ilisema mpagazi amejifanya mzungu. Ya tatu iliuliza tangu lini Mnyamwezi akapewa pole. Zilikuwa kama kumi na tano kabla ya mchana, zote za namna hiyo, nyota moja moja, zote zikinitaja kabila. Leo nikizisoma nasikia kicheko ndani yake. Siku ile nilisikia wageni wanaoua kazi yangu, na kwa sababu nilikuwa na hatia moyoni sikutaka hata kidogo kufikiri kwa nini. Nikazishtaki kwa wenye duka kuwa ni za chuki, wakazifuta kadhaa. Kisha nikaandika tamko kwenye ukurasa wa gemu, bila kumwonyesha Zuhura. Niliandika kwamba tunalaani watu wachache wenye chuki na ukabila wanaotaka kuwavunja moyo vijana wanaojituma.

Mtu wa nchi nyingine hawezi kujua uzito wa nilichofanya. Niliuita utani ukabila, hadharani, kwa maandishi. Kabla ya jua kuzama tamko lilikuwa limezunguka nchi nzima, na watu ambao hawajawahi kubeba hata ndizi mbili walikuja kutoa nyota moja. Wanyamwezi wenzangu ndio waliokuwa wakali zaidi, wakisema nimewaaibisha, sasa watani watawaogopa misibani. Wengine walikuja kwa sababu ya sauti, wakaandika "Mrudisheni Bibi" mamia kwa mamia. Na wengine, kama ilivyo kawaida ya umati, hawakujua kilichotokea, walikuja tu kwa kuwa palikuwa na vurugu. Jina na picha kwenye ukurasa wa duka vilikuwa vya Zuhura, maana yeye ndiye aliyesajili gemu. Basi hao wakamwangukia yeye. Sitaandika waliyomwandikia. Yalikuwa maneno ambayo wanawake huandikiwa, na yalifika mpaka kwenye simu yake mwenyewe. Kufikia Ijumaa gemu ilikuwa imezama hata ukiitafuta kwa jina huioni, na ile kampuni ya simu ikatuma barua fupi ya kutushukuru kwa ushirikiano.

Lakini kilichonitisha kuliko vyote kilikuwa uani. Asubuhi baada ya tamko nilimwamkia Bi Chausiku kama kawaida. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umeamka salama? Karibu chai."

Nikasubiri mengine. Hakuna. Akanimiminia chai, akanisogezea sahani kwa mkono wa kulia na kushikia kwa wa kushoto, kama mgeni. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu akaniita baba. Nilimuuliza habari za mguu wake mfupi, akasema haujambo, ahsante kwa kuuliza. Kule jikoni, juu ya ukuta usiofika batini, hatukusikia tena kicheko cha wanawake wa sokoni waliozoea kupita kwake. Walinong'ona, na nikipita walinyamaza na kuniamkia kwa heshima. Siku ya nne akafunga jiko, akapandisha vitu vyake Kinole kwenda kuvuna mdalasini, na hakutuaga kwa tusi lolote.

Zuhura ndiye aliyefumbua. Tulikuwa tumekaa ofisini na mkate mkavu, kwa kuwa jiko lilikuwa limefungwa, naye akafungua ukurasa akaanza kusoma maoni tangu mwanzo kabisa, kwa sauti. Alianza kwa uchovu. Alipofika kwenye jogoo mwekundu akarudia mara mbili, na mara ya pili akasoma akivuta maneno kimlimani. Akashusha simu.

"Kashi, hii ni sauti ya nani?"

Nikaendelea kumega mkate.

"Huyu ni Bi Chausiku. Hawa wote ni wanawake wa sokoni. Wamekuchukulia nyota kama mtu anavyochukuliwa kofia, walikuwa wanangoja uzikomboe." Akaifunika simu mezani. "Kama alikubali sauti yake itolewe, alikudai jogoo wa nini?"

Nikamwambia ukweli. Sikuwa na namna nyingine. Zuhura hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Alikusanya kompyuta yake na chaja, akavikunja vizuri ndani ya mfuko, akasema, "Nimetukanwa na nchi nzima kwa sababu wewe ulimwogopa bibi mmoja," akatoka. Nilibaki na mlima dirishani na ile sauti ya redioni kwenye spika, gemu ikijicheza yenyewe, ikinipa pole.

Kupanda Kinole nilikwenda na bodaboda mpaka barabara ilipokataa, kisha kwa miguu, jogoo kwapani. Nilikuwa nimeandika maneno ya kuomba radhi, nikayakariri njiani. Niliwakuta kwenye uwanja wa nyumba, wanawake sita au saba, wanabandua maganda ya mdalasini na kuyaanika kwenye mikeka, hewa yote tamu. Bi Chausiku yuko katikati na kisu. Mwajuma binti yake, ambaye nilikuwa nikimwona sokoni tu, aliniona wa kwanza na akainama kuficha uso.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mpeni mgeni kiti."

Sikukaa. Nikaanza kutoa maneno yangu, yamepangwa vizuri, kwa niaba ya ofisi yetu na kwa niaba yangu binafsi, huku jogoo ananipiga mbavu kwa mabawa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kubandua.

"Umemaliza risala?" akauliza. Mwanamke mmoja akakohoa. "Sauti yangu uliitoa lini?"

"Mwezi wa tatu, Bibi."

"Na mwezi wa tatu ulikuwa unaniamkia kila asubuhi."

"Ndiyo."

"Unakula vitumbua vyangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa kilichokushinda kitu gani? Kuvuka ua?"

Hapo hotuba yangu ilikuwa imekwisha, nikabaki na ukweli peke yake. Nikasema niliogopa atakataa.

"Ningekataa," akasema Bi Chausiku. "Ningekukatalia siku ile, kesho ningefikiri. Nina miaka sabini, unadhani nataka kutukana watu kwenye simu mpaka siku ya kiyama? Ningekupa mwingine. Mwajuma huyu ana mdomo kuliko mimi. Lakini mimi nimejua kwa mteja. Mteja amenunua chane moja ananiambia, Bibi, mbona wamekutoa. Nikamwambia ndiyo, wamenitoa. Nikajifanya najua." Akaacha kubandua. "Basi nikamwambia Mwajuma, yule ni mtani, chukua simu, tumshike nyota zake, atakuja. Kila siku natazama mlango. Badala ya kuja ukatuita wakabila. Mimi, Kashindye. Niliyekulisha."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nilisema nisamehe, si kwa maneno yaliyokaririwa, na sikumbuki niliyasemaje. Nakumbuka kwamba hakuna aliyeniokoa kwa kuzungumza. Mwishowe alinyoosha mkono, akamchukua jogoo, akampindua, akamkagua miguu na manyoya.

"Huyu si mwekundu," akasema. "Huyu ni kahawia. Nampokea kwa nusu. Nusu nyingine iko pale."

Pale, kwenye ukuta wa nyumba, ulisimama mzega, matenga mawili yamejaa ndizi, na chini yetu njia ya kwenda barabarani ilikuwa ikimeremeta kwa mvua ya asubuhi. Niliubeba. Wote wakaacha kazi wakanifuata, Mwajuma na simu yake mkononi. Nilipita jiwe la kwanza na la pili. Kwenye kona, tenga la nyuma likagonga mgomba, mti ukanizungusha, nikaenda chini kwa mgongo, ndizi zikanipita zikiteremka. Nikabaki nimelala kwenye matope, nikitazama wingu. Nilijua kila kitu kinategemea atakachosema. Akisema pole, basi nimekwisha, nitarudi mjini nikiwa mwanangu na baba wa watu maisha yangu yote.

Alifika juu yangu, mikono kiunoni, anahema.

"Mnyamwezi," akasema, "hata kuanguka umesahau. Mwaka jana ulianguka vizuri kuliko hivi. Okota ndizi zangu, na hiyo uliyolalia umeinunua."

Nikalia pale pale. Wanawake wakadhani nimeumia, mpaka niliposema kwamba mwenye mguu mfupi hana la kumfundisha mtu kutembea, na mlima mzima, ndivyo nilivyoona mimi, ukacheka.

Mwajuma alikuwa amerekodi yote. Alinitumia rekodi, nikateremka nayo, nikaandika kwenye ukurasa wa gemu kwamba niliuita utani ukabila na kwamba nimekosa, kwamba sauti niliitoa mimi bila ruhusa, na Zuhura hakuhusika kwa lolote. Kisha nikampelekea Zuhura simu yangu yenye rekodi, nikaiweka mlangoni kwao nikaondoka. Ilimchukua wiki mbili kurudi kwenye chumba chetu. Aliporudi hakusema amenisamehe. Alikaa, akafungua kompyuta, akasema, "Tusi la ndizi ya kulalia linaingia hatua ya tatu." Tukafanya kazi. Sauti ya Bi Chausiku ilirudi, na ya Mwajuma ikaongezwa kwa hatua za juu, na kweli ana mdomo kuliko mama yake. Watu wengi walibadilisha nyota zao, wakaandika kwamba jogoo amepokelewa. Si wote. Ile kampuni haikurudi, gemu haikututajirisha, na waliomtukana Zuhura hawakuomba radhi hata mmoja. Yeye alitoa picha yake kwenye ukurasa na hajairudisha mpaka leo, na hilo ni deni langu ambalo hawezi kunifutia wala simwombi. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine minne baada ya hapo. Nikitaka kuamua jambo linalomhusu mtu, hata sasa yeye huniuliza kama nimeshavuka ua.

Na Bi Chausiku hakurudisha nyota zake. Wanawake wote wa sokoni walibadilisha, yeye akakataa. "Hiyo moja nakaa nayo," aliniambia, akinipimia kitumbua. "Nikikurudishia utajiona umeshakuwa Mluguru." Kila mwaka nilipopita Morogoro nilimpelekea jogoo, na kila jogoo alikuwa na kasoro, huyu mweusi mkiani, huyu miguu mirefu, na kila mwaka nyota ikabaki moja.

Juzi nilifika Kinole jua likiwa juu. Zuhura alikuwa ameshatangulia, yuko jikoni na wanawake, anapepeta mchele, akanionyesha kwa kidevu pa kumfunga jogoo. Nilifanya kazi ya mtani. Nilikaa kwenye kigoda cha marehemu, nikakataa kuinuka mpaka nilipopewa vitumbua, nikaiga kikohozi chake, nikawauliza wafiwa nani sasa atanihesabia vijiko. Walicheka na kulia, nami pia. Kabla ya maziko Mwajuma alinivuta kando akanionyesha simu ya zamani, kioo kimepasuka, ile ile ya Ndizi Tamu. Ukurasa ulikuwa umefunguliwa.

"Nikuwekee tano?" akauliza. "Mama hayupo, hatajua."

Nikasoma tena maneno yale ya jogoo. Nikamwambia aiache kama ilivyo. Kwamba kuna mtu alinishika nyota zangu miaka yote hii ili nisiache kuja.

Baada ya Alasiri tulibeba jeneza. Nilishika mbele, bega la kulia, na njia ya makaburini inapanda kwa ukali kutoka uwanjani, na ilikuwa imenyesha. Hatua ya nne nikateleza. Goti likagusa matope, wenzangu wakashikilia uzito, hakuna kilichoanguka, lakini mimi, Mungu anisamehe, nilibaki pale goti chini nikisubiri. Nilisubiri kwa mazoea, kama nilivyosubiri siku ile nikitazama wingu. Nikakumbuka aliye begani mwangu ni nani.

Kisha kutoka kule walikosimama wanawake, ukingoni mwa ua, Mwajuma akasema kwa sauti iliyopasuka kwa kulia, akiyavuta maneno, "Mnyamwezi. Babu zako walibeba pembe mpaka pwani. Huyo ni mama yangu, mbebe vizuri."

"Ndiyo, Bibi," nikasema. Nikaliweka bega sawa, tukapanda.